Bwana Afya, Asiyekula cha Moto

Tulimwita Bwana Afya, na jina hilo lilimtosha. Alikuwa na jina la ubatizo na jina la baba yake kama watu wote, lakini sikuwahi kumsikia mtu akiyatumia, hata padri. Ilikuwa Bwana Afya kapita, Bwana Afya kachelewa, funika sufuria Bwana Afya anakuja. Mimi nilikuwa na hoteli ya mabanzi na mabati kando ya barabara ya Rusumo, upande wa Ngara, na kazi yake mojawapo ilikuwa kunikagua. Aliangalia choo, akaangalia ninapomwaga maji machafu, akaangalia kucha za wasichana wangu wa jikoni. Akimaliza alichomoa karoti kwenye mfuko wa koti na kuondoka akitafuna.

Hivyo ndivyo anavyonijia nikimkumbuka: mtu mrefu, mkavu, koti la kaki, anatembea pembezoni mwa barabara ya malori huku anatafuna kitu kibichi. Kama si karoti ni tango, kama si tango ni jani la kabichi alilolikunja kama barua. Msimu wa karanga mifuko yake ilijaa udongo, kwa sababu alizibeba na maganda yake, anazimenya anapotembea. Hakula ugali, hakula maharage, hakunywa hata chai. Miaka ile ya wakimbizi sote tulikiona cha moto, wenyeji na wageni, ila yeye peke yake ndiye hakukila.

Mara ya kwanza nilimwelewa vibaya, na kosa lenyewe lilitokana na herufi. Mimi nimezaliwa Biharamulo mjini, katika ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na kwetu mtoto akichanganya l na r alirudishiwa neno mpaka alitamke sawasawa. Ngara nilikuta watu wanazitumia herufi hizo mbili kama viatu vya nyumba moja, anayetoka anavaa kinachokuwa karibu. Nilijiona najua Kiswahili kuliko wao, na kujiona huko kuliniponza.

Siku aliyokuja kunikagua kwanza nilimwandalia sahani ya pilau, kama tulivyomfanyia mtu yeyote wa serikali. Akaitazama, akaisogeza taratibu kwa kidole, akaniinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Mimi siri, mama."

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Mtumishi wa serikali hataki kuonekana anakula cha bure mbele za watu, anataka mambo yawe siri. Nikamkonyeza. Jioni nikaipakia ile pilau kwenye chombo chenye kifuniko, nikakifunga kwa kitambaa, nikapita nyuma ya migomba watu wasinione, nikakiweka mlangoni kwake na kurudi nikijisifu kwa akili yangu. Kesho yake, saa ambayo hoteli inajaa, Bwana Afya akaingia na chombo kile mkononi. Akakiweka juu ya meza mbele ya madereva na mawakala wa forodha, akakifungua. Pilau ilikuwa vilevile, hata nyama haikuguswa.

"Nirikuambia siri," akasema. "Siri vya moto, mama. Siri kwako, siri kwa mtu."

Watu walitazamana, na nadhani kila mmoja aliwaza lake. Mpakuzi mmoja wa mizigo, Mhangaza wa pale pale, ndiye aliyeniokoa. Akaniambia mzee anasema hali. Hali vya moto. Nikauliza kwa nini basi asiseme hivyo, naye akanijibu kwa mshangao kwamba ndivyo alivyosema, mara nne. Hoteli nzima ikacheka, na Bwana Afya naye akacheka, akifunika mdomo kwa kiganja. Tangu siku ile kila alipopita nilimwita mzee wa siri. "Shikamoo, mzee wa siri," nasema, naye anajibu marahaba huku mabega yanamtikisika. Tulianza kuzoeana kupitia utani huo.

Ila sikio langu halikukosea sana. Ilikuwepo siri, ingawa waliokaa jirani naye waliijua wote na hakuna aliyeona haja ya kunieleza mgeni. Mke wake alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Alikuwa amevuka kwenda kumuuguza mama yake, na alipokuwa huko nchi ile ikavurugika. Watu walipoanza kumiminika darajani Rusumo, Bwana Afya alikwenda kusimama pale akitazama sura za wanawake tangu alfajiri mpaka jua linazama. Mto nao ulikuwa ukishuka na mambo ambayo sitayaandika. Mke hakuonekana. Mzee akarudi nyumbani kwake na hakuwasha moto, wala siku hiyo wala zilizofuata.

Nilikuja kuyaona kwa macho yangu alipougua malaria. Tulikwenda kumtazama, mimi na jirani yake mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa ananiletea mchicha. Mgonjwa amelala, hana nguvu ya kuinua kichwa, na kando ya kitanda kuna bakuli la mapapai yaliyokatwa. Nikasema nitampikia uji mwepesi papo hapo. Nikatoka kwenda jikoni, kibanda kilichokuwa kimejitenga uani, nikakuta kumefagiwa kama kanisani Jumamosi. Mafiga matatu yamekaa mahali pake. Katikati kuna majivu makuukuu, na juu ya majivu pamefunikwa ungo ili upepo usiyapeperushe. Kuni zimepangwa ukutani, kavu, zimeingia buibui.

Yule mama alinishika mkono kabla sijagusa kitu. Tukarudi ndani, na mzee aliyekuwa anaungua homa akanieleza bila kufungua macho. Alisema mafiga ni ya mke wake. Kwao, mwanamke akiwa safarini, kisha mtu mwingine akawasha mafiga yake, ni kama kusema mwenyewe harudi tena. "Nikiwasha nimemzika," alisema. "Nami sijamwona amekufa." Baadaye niliwauliza Wahangaza wengine kama kweli ni desturi yao. Wazee waliniambia ndiyo, zamani kilikuwepo kitu kama hicho, na vijana walinicheka. Kwake yeye ilikuwepo, na hilo lilitosha kumfanya ale kibichi.

Basi kila karoti aliyotafuna barabarani ilikuwa na maana hiyo moja, kwamba mke wake yu hai. Siku atakayokula cha moto ndiyo siku atakayokuwa amekubali. Nilipolijua hilo, kila alipochomoa karoti nilijitia kufuta meza.

Lakini mtu hawezi kuwaambia watu maneno kama hayo kila siku, na Bwana Afya alihitaji jibu la kuwapa wanaomuuliza njiani. Jibu alilipata kwa muuguzi mmoja wa Kizungu aliyefanya kazi kambini kwa wakimbizi. Dada yule alimwona anatafuna kabichi akafurahi mno, akamshika mkono, akamwambia kwao kuna watu wanaokula hivyo kwa makusudi, hawapiki kabisa, na wanasema mwili unapata nguvu maradufu kwa sababu moto hauharibu kilichomo. Yule dada mwenyewe alikuwa anakula wali na maharage kama sisi, lakini maneno yake yalimfaa mzee. Kuanzia hapo akiulizwa alijibu kwa kifua mbele: ni kwa ajili ya nguvu. Aliwahubiria madereva wa malori waliokuwa wanasinzia kwenye usukani kwamba shida yao ni ugali. Alisema mtu akila ugali mwili unaacha kazi zote unakwenda kuuhudumia ugali, lakini akila tango hata hasikii kwamba amekula, anaendelea na safari.

Dereva mmoja alimjibu kwamba hilo la kutosikia kwamba amekula ndilo analolikwepa.

Na nguvu kweli alikuwa nazo, sitamnyima haki yake. Alipanda vilima vya kambi vile, vilivyokuwa vimebaki visiki na vumbi jekundu kwa sababu ya watu kutafuta kuni, na vijana waliofuatana naye walikuwa wanaomba kupumzika. Lakini nilimwona pia ameshika nguzo ya kibanda changu mikono miwili, macho ameyafumba, anasubiri kizunguzungu kipite. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mtu anayetembea kiasi kile anahitaji maharage, na maharage hayaliwi mabichi. Mzee alimshukuru daktari akaongeza karanga. Tumbo nalo lilimsumbua kwa ajili ya kabichi, na kwenye mikutano ya kata watu walijua wasikae upande wa upepo wake. Hayo nayo aliyacheka.

Kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba kazi yake yote ilikuwa kuwaambia watu wachemshe. Kipindupindu kilipoingia ilipigwa marufuku kuuza matunda yaliyomenywa, ilipigwa marufuku kachumbari, na mimi mwenyewe alinimwagia beseni zima la nyanya zilizokatwa, akisimama juu yake mpaka kuku wakazila. Alizunguka na kipaza sauti cha mkononi, huku wilaya nzima ikimjua. Chemsheni maji. Ivisheni chakula. Msile kibichi. Sauti inatoka kwa mtu ambaye mfuko wake wa koti umetuna kwa matango. Wakimbizi waliokuwa wamepanga foleni walimtazama mfuko, wakatazamana, wakaitikia kwa adabu.

Nilimuuliza anajisikiaje kuwadanganya watu. Akakasirika, na ilikuwa nadra kukasirika. Akaniambia hajamdanganya mtu, kwamba vyakula vyake anaviosha jani kwa jani kwenye maji ya dawa, na kweli kabichi lake lilinuka kama zahanati. Akasema wao wana wa kuwapikia, basi wapikiwe. Maneno hayo yalinichoma. Pale kambini walikuwapo watu wasiokuwa na kuni wala wa kuwapikia, naye alijua kuliko mimi, kwa sababu ndiye aliyewafundisha kuloweka mahindi makavu usiku kucha ili yasile kuni nyingi. Alijua kila kitu kuhusu kupika.

Kulikuwa na ubishi wetu mwingine ambao nauhifadhi kama watu wanavyohifadhi picha. Tulikuwa tunabishana moto ni nini. Asali ni ya moto? Alisema hapana, nyuki hawapiki. Mkate? Wa moto, asingeugusa. Karanga za kukaanga, hapana, ila za kuanikwa juani, ndiyo. Nikamuuliza jua si moto? Akafikiri siku mbili tatu, akarudi na jibu kwamba jua halina mwenyewe. Jiko lina mwenyewe. Ramadhani nilimpa tende, akaigeuzageuza, akauliza imeivaje, nikamwambia imeiva mtini, akaipokea na kwenda kuila njiani. Hakuwahi kuketi kula kwangu. Alisema kuketi na kula kwa mwanamke ni nusu ya kuoa.

Wakati mmoja nilidhani nimempata. Nikamwambia, mzee, jiko la mafuta ya taa si mafiga, halikuwa la mkeo, nunua lako uchemshe hata chai. Niliona anaifikiria kweli, mpaka uso ukalainika. Kisha akasema, "Nitarizoea." Nikaliacha, maana nilielewa kwamba alichokuwa anakiogopa ni kuzoea.

Migomba yake ilizaa ndizi za kupika ambazo hakuweza kuzila. Alikuwa ananiletea mimi, mkungu mzima begani, hataki chochote. Mimi nazimenya, nazipika na nyama na nyanya, wateja wanagombania. Saa hizo alikuja kuketi kwenye benchi lililokuwa karibu na jiko, mikono juu ya magoti, mvuke unampitia. Siku moja wasichana wangu walimtania kwamba anaiba. Akawajibu kwa upole kabisa, "Harufu hairiwi, wanangu." Wakacheka, mimi nikatoka nje kwenda kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa kuwa nimeanza kusema, niseme. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, na safari moja alipita hotelini kwangu bila kusimama, akaendelea hivyo hivyo maisha yake yote. Sikuwa na mtu. Nililisha malori, nililisha mawakala, nililisha watumishi wa mashirika, na wakimbizi waliokuwa na kitu cha kubadilishana. Mtu niliyetaka kumlisha ni huyo aliyekuwa ananijibu siri. Nilitaka ale chakula changu, na nisijifanye, nilitaka zaidi ya hapo. Lakini ili ale ilibidi mke wake awe amekufa. Nilikuwa naliwaza jambo hilo nikichambua mchele, na nikistuka nalo naomba msamaha kwa Mungu.

Yeye alikuwa anamtafuta. Kazi ilimpeleka kambi zote, na kila alipofika alikwenda kwanza kwenye mabomba ya maji asubuhi. Alinieleza hesabu yake: mwanamke anaweza asiende kanisani, anaweza asiende kwenye mgao akamtuma mwingine, lakini maji atayafuata. Basi anasimama kando ya foleni ya ndoo na madumu, anajifanya anakagua bomba, na macho yanapita usoni mwa mmoja mmoja. Wanawake walimzoea. Wengine walianza kumuuliza kama amempata, na walikuwapo waliomwambia wamemwona mahali fulani, kambi ile ya mbali, amevaa kitenge cha kijani. Alikwenda. Walisema hivyo kwa huruma, nadhani, au kwa sababu nao walitaka mtu awaambie hivyo kuhusu watu wao.

Dada yake alikuja kutoka upande wa Rulenge, mwanamke mwenye sauti, amechoka kusikia habari za kaka yake anayekula kama mbuzi. Alikuja na binti wa watu, mtu mzima tayari, mpole, wa kumsaidia mzee nyumbani. Tulijua sote maana ya kumsaidia mzee nyumbani. Yule binti hakuwa na kosa. Aliamka asubuhi, akaenda jikoni, akaondoa ungo, akaweka kuni, akawasha. Moshi ulipotoka kwenye kibanda kile watu walisimama barabarani. Mimi niliuona kutoka hotelini na nilihisi moyo unaniruka, sikujua ni kwa furaha au kwa wivu.

Wanaosema waliona wanasema Bwana Afya alitoka na ndoo ya maji ya kunawia. Hakugomba. Alimwomba binti asogee, akamwaga maji juu ya moto, akasimama akitazama mpaka majivu yalipoacha kuchemka. Kisha akapiga magoti akaanza kuchambua majivu mapya na ya zamani kwa vidole, kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele, na hayachambuliki. Dada yake alilia akimwambia, kaka, amekufa, sema amekufa ule. Alijibu kwa Kihangaza, na aliyenisimulia alinitafsiria kwamba alisema: mniache kwanza. Siku hiyo hiyo dada na binti waliondoka. Mzee hakuja hotelini kwa muda mrefu, na ndizi zake ziliivia mgombani.

Kisha ikaja ile Desemba ya watu kurudi kwao. Barabara ilijaa kutoka ukingo mpaka ukingo, godoro kichwani, mtoto mgongoni, wanatembea kuelekea Rusumo siku baada ya siku, na miguu ndiyo sauti pekee. Bwana Afya alikuja kusimama mbele ya hoteli yangu kwa kuwa pameinuka kidogo. Mara ya kwanza alikuwa amewatazama wakija, sasa anawatazama wakienda. Nilimletea maji. Nilimletea ndizi mbivu. Alizishika tu mkononi mpaka zikawa nyeusi. Alipopita wa mwisho, alikaa chini kando ya barabara na mimi nikakaa karibu naye. Msururu ulikuwa umekwisha, na mke wake hakuwemo.

Baadaye hali ilipotulia alivuka yeye mwenyewe. Alikwenda mpaka kwenye kilima cha wakwe zake. Aliporudi nilimuuliza, na jibu lake lilikuwa neno moja, "Hawajui." Nyumba ilikuwa na watu wengine, na hao watu wengine hawakujua. Angekuta kaburi angekuja kula kwangu siku ileile, naamini hivyo. Hawajui ni neno baya kuliko alikufa. Akaendelea na karoti zake.

Kambi zilipofungwa, biashara yangu nayo ilikufa. Malori yaliendelea kupita lakini hayakusimama. Nikafunga, nikahamia Runazi, karibu na ndugu zangu wa Biharamulo, nikafungua mahali padogo pa kuuza chai, wali na maharage kwa wakulima na walimu. Kwenda kumuaga nilikwenda, nikamkuta hayupo, na yule mama wa mchicha akasema amekwenda kukagua visima. Nikaona ni afadhali. Miaka ikapita, mingi kuliko nilivyotegemea.

Alikuja mchana mmoja wateja wa mchana walipokuwa wameondoka. Nilimjua kwa urefu kwanza, maana uso ulikuwa umebadilika, mashavu yameingia ndani. Shikamoo, nikasema, mzee wa siri. Marahaba, akasema, na mabega yakatikisika kama zamani. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karoti na matango. Nikamkaribisha, nikamuuliza habari za Ngara, nikamuuliza amekuja Runazi kwa nani. Akasema amekuja kwangu.

Alieleza taratibu. Meno yamekwisha. Anakaa sasa na mtoto wa dada yake, ambaye ni mpwa mwema na ana mke mwema, na wanamsagia karoti zake kwa sababu hawezi kutafuna. Lakini wanazichemsha kwanza, kwa kificho, kisha wanazipoza na kumwambia ni mbichi. "Wananipenda," akasema. "Rakini karoti ya moto naijua." Hakuwaambia kitu. Alitema nyuma ya nyumba, akapanda gari, akaja kumtafuta mtu ambaye hatamdanganya.

Jiko langu lilikuwa linawaka, sufuria la maharage juu yake. Nikalipa mgongo. Nilikuwa na mbuzi ya nazi ya marehemu mama yangu, ambayo nilikuwa naitumia kwa nadra kwa kuwa nazi huku hazifiki mara kwa mara. Nikaiosha kwa maji ya dawa bila kuambiwa, nikaikalia, nikaanza kukuna. Karoti si nazi, inateleza, nikajikwaruza kidole. Nikiwa nimemgeuzia uso pembeni nikamwambia jambo ambalo sikulithubutu miaka yote ile.

"Bwana Afya, mkeo hatarudi. Unajua hatarudi."

"Najua," akasema. "Nirijua pare barabarani, watu waripokwisha."

Nikaacha kukuna. Nikamuuliza, kama ulijua tangu siku ile, mbona hujawasha moto mpaka leo?

Akasema mwanzoni alikuwa anamngoja. Halafu hakuwa anamngoja tena, lakini kila alipoangalia mafiga aliona kwamba akiwasha atapika cha mtu mmoja. Hajawahi kupika cha mtu mmoja. Hajui hata maji yanapimwa vipi.

Nikamaliza kukuna. Nikaweka kwenye sahani, karoti na tango pamoja, nikamletea. Alikuwa ameketi kwenye benchi, na nilitegemea atasimama aichukue aondoke nayo akila, kama alivyofanya siku zote. Hakusimama. Akaitazama sahani, akanitazama mimi na aproni yangu na upawa niliopakulia.

"Na wewe," akasema, "unakura na nani?"

Nikamwambia mimi nakula wateja wakishaondoka.

"Na nani?"

Nilifungua mdomo nimtaje mtu. Nililisha nusu ya barabara ile, nimelisha watu wa mataifa ambayo siyajui majina, na katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Nilisimama pale natafuta jina, na jina sikulipata, na machozi yakaja bila kuniomba ruhusa.

Bwana Afya akasogea kwenye benchi kunipa nafasi, ingawa benchi zima lilikuwa tupu. Akaisukuma sahani katikati.

"Keti, mama," akasema.

Nikanawa mikono, nikaketi. Karoti ilikuwa baridi na tamu kidogo. Tulikula polepole, yeye kwa sababu hakuwa na meno na mimi kwa sababu sikutaka iishe, na nyuma yetu maharage yakaanza kuungua na hakuna aliyeinuka kwenda kuyaepua.